Je, Wajua? Kwa Nini Dola ya Star Wars Inatisha Zaidi Vitabuni Kuliko Kwenye Filamu

Katika filamu ya kwanza ya Star Wars, mfululizo wa hadithi za vita vya angani dhidi ya Dola, utawala wa mabavu wa Kaizari, iliyotoka mwaka 1977, kuna kikao kifupi ambacho kwenye mabanda ya video hapa Tanga ndicho watu hutokea nje kununua mihogo. Wakubwa wa jeshi wameizunguka meza. Gavana Tarkin anaingia na habari kwamba Kaizari ameivunja Seneti moja kwa moja. Jenerali mmoja, Tagge, anauliza swali la mtu anayejua kazi: bila ofisi na watendaji wake, Kaizari ataishikaje nchi? Tarkin anajibu kwamba magavana wa mikoa wamekwisha kukabidhiwa maeneo yao, na kilichobaki kitamalizwa na hofu. Punde Darth Vader, mtu wa mkono wa kuume wa Kaizari, anamkaba mtu koo bila kumgusa, na banda zima linachangamka.

Filamu haikumjibu Tagge zaidi ya hapo. Ina saa mbili tu, na ina sayari nzima ya kulipua. Waliomjibu ni waandishi wa vitabu vya pembeni, yaani riwaya zinazotungwa kwa idhini ya wenye filamu, ndani ya ulimwengu uleule, zikisimulia yaliyotokea kabla ya filamu, baada yake au kando yake. Jibu lao ni kwamba watendaji hawakwenda popote. Dola ile iliishi maofisini muda wote, na hofu yenyewe ilikuwa ikipigiwa mihuri na makarani.

Wapenzi wengi wa filamu hizi hawajui kwamba kitabu ndicho kilichotangulia. Riwaya ya Star Wars iliingia madukani Marekani mwishoni mwa mwaka 1976, filamu ikafuata Mei 1977. Jaladani pana jina la George Lucas, mtunzi na mwongozaji wa filamu hiyo, lakini aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Dibaji yake ni fupi na nzito: Seneta mmoja mwenye uchu wa madaraka, Palpatine, anajipenyeza hadi anachaguliwa Rais wa Jamhuri, anaahidi kurudisha utukufu wa zamani, na akishajiweka sawa anajitangaza Kaizari na kujifungia mbali na wananchi. Baada ya hapo anaendeshwa na wasaidizi na wapambe aliowateua mwenyewe (vijana wa siku hizi wangesema machawa), na kilio cha watu hakimfikii tena.

Jina Palpatine halikutamkwa kwenye filamu mpaka mwaka 1999. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, aliyetaka kujua kwamba udikteta ule ulianza kwa uchaguzi ilimbidi asome. Masimulizi ya baadaye yaligeuza mambo yakamfanya Palpatine kuwa ndiye anayewachezesha wenzake wote. Mimi naiamini zaidi ile dibaji ya zamani. Dikteta aliyezingirwa na watu wanaomficha habari ni mtu tunayeweza kumkuta duniani. Mchawi anayeona yote na kupanga yote ni wa kwenye skrini.

Kwa nini lakini riwaya zifike huko na filamu zisifike? Jibu jepesi ni kwamba kitabu kina kurasa nyingi, na mwandishi halipi watu elfu moja kuvaa sare. Kweli, ila sababu kubwa ninayoiona mimi ni katazo. Mwandishi wa kitabu cha pembeni si mwenye mali. Hana ruhusa ya kumuua Vader, wala kuiangusha Dola kabla ya siku yake. Msomaji anaujua mwisho kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mashujaa wakubwa wamefungiwa kabatini, na aliyepewa kazi ya kuandika anabaki na wale ambao filamu haikuhangaika nao: mwanafunzi wa chuo cha jeshi, mtumishi wa zamu ya usiku, mtaalamu wa maabara, ofisa anayetafuta cheo. Hao ndio wanaoendesha utawala wa mabavu kila siku.

Mfano mzuri ni A New Dawn, riwaya ya John Jackson Miller ya mwaka 2014, iliyotoka miezi michache baada ya Lucasfilm, kampuni yenye filamu hizi, kutangaza kwamba vitabu vya miaka ya nyuma havihesabiki tena katika masimulizi rasmi. Ndani yake yumo Zaluna, mwanamke wa makamo aliyeajiriwa kwenye kampuni binafsi inayowachunguza wakazi kwa kamera na vinasa sauti. Si katili. Anakaa mezani, anasikiliza maongezi ya watu asiowahi kuonana nao, anawajua kwa tabia na hata anawaonea huruma. Kazi ni kazi, mshahara unaingia. Kisha mfanyakazi mwenzake, Hetto, mtu wa kulalamika lalamika, anakamatwa, lakini kabla ya hapo anamsukumia kifaa chenye kumbukumbu za siri. Mtu aliyezoea kuwatazama wengine sasa anatembea mtaani akihesabu kamera. Hakuna panga la mwanga, silaha ya mashujaa wa filamu hizi, linaloweza kuonyesha jambo hilo.

Lost Stars ya Claudia Gray, ya mwaka 2015, inachoma zaidi. Thane na Ciena wamekulia sayari moja ya milimani, wakaingia pamoja chuo cha maofisa wa Dola kwa furaha yote, maana kwao kuvaa sare ile ni kutoka kimaisha. Baadaye Thane anaasi. Ciena anabaki kwa sababu aliapa, na kwa watu wa kwao kiapo hakivunjwi. Halafu mama yake anasingiziwa kuiba fedha za kazini na kuhukumiwa kazi ngumu migodini. Mila ya kwao inataka familia iliyopatwa na janga kama hilo ikae, majirani waje kushiriki huzuni. Ciena na baba yake wanakaa. Majirani hawaji, kwa sababu kuja ni kusema kwamba Dola imekosea. Anayekuja ni Thane peke yake, kwa kujificha, huku akitafutwa.

Mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa uzito wa msiba usio na watu. Huku kwetu hata mliogombana mwaka mzima huvuka kizingiti siku hiyo. Utawala unaoweza kuwazuia majirani wasiende msibani, bila amri yoyote kutangazwa wala askari kusimama mlangoni, umeshaingia mahali ambapo mizinga haifiki.

Catalyst ya James Luceno, iliyotoka mwaka 2016, niigusie tu: mwanasayansi Galen Erso anaambiwa utafiti wake wa fuwele utawapa watu nishati, kumbe unatengenezewa silaha ya kulipua sayari. Kitabu kinasuasua katikati. Lakini urafiki wa uongo kati yake na Krennic, ofisa wa Dola anayejua kumpa msomi maabara na sifa mpaka asahau kuuliza maswali, umechorwa vizuri.

Historia ya pwani yetu inawaunga mkono waandishi hawa. Mjerumani hakuwa na watu wa kutosha kuitawala nchi kubwa kiasi hiki, akaiendesha kupitia maakida na majumbe. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, mkono uliowafikia wanakijiji kuidai ulikuwa wa watu hao. Shule ya serikali hapa Tanga, iliyofunguliwa miaka ya 1890, ilitoa makarani wa kuiendesha serikali hiyo. Na mwaka 1905 Wamatumbi walipong'oa pamba na Vita vya Majimaji vikaanza, hasira yao ilikwenda kwa akida wa Kibata. Gavana von Götzen alikuwa Dar es Salaam; akida alikuwa mlangoni.

Tena aliyeuona utawala wa meza ya ofisi akaugeuza kuwa nchi ya kubuni alikuwa mtu wa hapa hapa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha watu elimu ya sheria, na Waziri Mkuu Majivuno ndiye mshitaki. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema ya kuiletea nchi, wakarudi na kutupwa gerezani. Ofisi inayoadhibu ripoti iliyoiomba yenyewe! Asiyewahi kufanya kazi ya ukarani asingeliwaza hilo kirahisi.

Turudi kwa Star Wars, maana vitabu vya pembeni havikubaki pembeni. Idara ya Usalama ya Dola, ile yenye maofisa wa sare nyeupe, haikuanzia kwenye skrini. Ilibuniwa mwaka 1989 katika kitabu cha maelezo ya mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika, kilichotolewa na kampuni ya West End Games. Mwandishi Timothy Zahn alipokuwa akiandaa riwaya yake ya mwaka 1991, alipewa vitabu vya kampuni hiyo ajisaidie navyo. Mwaka 2022 Andor, tamthilia ya runinga ya Star Wars, iliifanya idara hiyo kuwa moyo wa hadithi: vikao vya asubuhi, maofisa wakinyang'anyana mipaka ya kazi, mwanamke mmoja akigundua uasi kwa sababu tu alikuwa anasoma mafaili ambayo wenzake hawakuyasoma. Waliosema Andor imeleta kitu kipya hawakukosea sana, ila kitu hicho kilikuwa kimelala kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 30.

Si vitabu vyote vinavyofanya kazi hii kwa uaminifu. Thrawn, riwaya ya Zahn ya mwaka 2017, ina mhusika mkuu ofisa wa Dola ambaye si binadamu, ndani ya jeshi linalowadharau wasio binadamu. Ana akili kupita wote, anawasoma maadui kupitia sanaa zao. Ni hadithi tamu, na utamu huo ndio unaonitia shaka. Unafika mwisho ukiwa umemshangilia mtu anayeiimarisha serikali ya kidhalimu, na waliokandamizwa umewaona kwa mbali. Kinachokiokoa ni Arihnda Pryce, binti wa familia iliyonyang'anywa mgodi wake. Anaanza akiwa na haki kabisa ya kulalamika, kisha anapanda cheo hadi cheo mpaka anafanana na waliomdhulumu.

Bloodline, nayo ya Claudia Gray, ya mwaka 2016, inaingia mahali pagumu zaidi: miaka zaidi ya 20 baada ya Dola kuanguka. Seneti mpya haifanyi uamuzi wowote, kambi mbili zinavutana. Seneta kijana, Casterfo, anakusanya kofia na bendera za majeshi ya Dola na kuzipanga ofisini kwake. Leia, shujaa wa uasi katika filamu na sasa seneta, aliyeteswa na Dola hiyo, anaziona na damu inamchemka. Lakini Casterfo si jambazi. Alikulia kwenye sayari ambayo watu wake walitumikishwa viwandani na Dola hiyohiyo, na anaichukia kwa dhati. Anachokitamani ni nidhamu yake, ikiwezekana bila Kaizari. Wapo wanaopita mbele ya boma la zamani hapa mjini wakasema Mjerumani alijua kujenga, na kwa jengo hawakosei. Kiboko ndicho hawakitaji.

Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza. Cha kuanza nacho ni Lost Stars, maana kililengwa kwa vijana na lugha yake haisumbui, hata kama filamu zote hujaziona. Bloodline ngoja kwanza, mpaka uwe umemjua Leia vya kutosha kuelewa kwa nini siri ya baba yake, ikimwagwa mbele ya Seneti na Casterfo huyohuyo, inatosha kummaliza kisiasa kwa siku moja.