Ndoa bila cheti ni ndoa, lakini nani atakushuhudia?

"Hamna cheti, basi hamjaoana."

Si kweli, na neno hili limewaumiza wanawake wengi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Unguja na Pemba, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na sigha, yaani walii kuozesha na mume kukabili. Karatasi haimo. Hata mahari yasipotajwa, akdi, yaani mkataba wa ndoa, hupita, na mke hustahiki mahari ya wanawake wa kwao walio mfano wake. Bibi zetu wa Wete na Micheweni waliozeshwa bila kutia saini popote, na watoto wao ni halali.

"Kumbe cheti hakina kazi."

Hapa ndipo tunapopotea zaidi. Mtazame mke wa pili aliyeolewa kimya kimya. Mume anafariki, mirathi inafika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ndugu wa marehemu wanasema: "Huyu sisi hatumjui." Shekhe aliyefungisha keshakufa. Shahidi mmoja yuko Maskati, mwengine hakumbuki hata mwaka. Mbele ya Mungu mama huyu ana haki: marehemu akiacha watoto, wake wawili hugawana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, yeye na mwenzake sawa kwa sawa. Mbele ya watu hana cha kuonesha. Anaweza kwenda Mahakama ya Kadhi kutafuta mashahidi, lakini atafanya hivyo akiwa ndani ya eda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, na msiba bado mbichi. Al-Baqarah, aya ya 282, inatuamuru kuandika deni. Deni la fedha tuliandike, unasaba na urithi tuviache kwenye kumbukumbu za wazee?

"Mkikaa pamoja miaka miwili, mshakuwa mke na mume."

Maneno haya yamevuka bahari. Yanatoka kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo ni ya Tanzania Bara, na hata huko ni dhana inayoweza kupingwa. Kwetu Zanzibar, ndoa za Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi, chini ya Sheria namba 9 ya 2017. Kukaa pamoja hakuzai akdi.

"Hajanipa karatasi, kwa hiyo hajaniacha."

Mume akitamka talaka imepita, na eda huhesabiwa tangu hapo. Ila bila maandishi anaweza kukana kesho, na shekhe mwengine ataogopa kukuozesha. Mwanamke aliyeachwa kwa simu asikae akingoja hisani. Aende kwa kadhi talaka ithibitishwe, kisha isajiliwe.

Kusajili ni wajibu wa kisheria. Kabla ya halua na kahawa kwisha, muulizeni mfungishaji lini taarifa zitafika kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Majina yalingane na ya kitambulisho cha Mzanzibari. Mahari yaandikwe yote: yaliyotolewa, na yaliyobaki deni.