Falsafa ya Kihindu na wanaoisoma kutoka dini nyingine

"Kule ni sanamu na uvumba tu, hakuna hoja." Kauli hii naisikia sana kuhusu Uhindu, nayo huniuma, kwa sababu hoja ndizo zilizonivuta mimi.

Wanazuoni wa Nyaya, mojawapo ya shule za falsafa ya Kihindu, walipanga kanuni za hoja zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na mfano wao mashuhuri hata bibi zetu wangeukubali. Mlima ule unawaka moto. Kwa nini? Unatoa moshi. Penye moshi pana moto, kama jikoni. Mlima nao unatoa moshi. Basi unawaka moto. Jikoni hapo hapakutajwa kama pambo: ukidai jambo, lazima utaje mahali ambapo wewe na mpinzani wako mmeliona kwa macho. Naye ana haki ya kuuliza: una hakika ni moshi, si vumbi wala ukungu?

Wengine hudhani Wahindu wote wana imani moja. Jadi huhesabu shule 6 za falsafa, na hazipatani. Samkhya ya kale haikumhitaji Mungu muumba. Mimamsa, watetezi wakubwa wa Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, nao hawakumkubali. Udayana wa Nyaya akaandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba yupo.

Lakini dhana inayotisha watu zaidi ni kwamba Mwislamu au Mkristo akisoma haya ameshaiacha dini yake. Al-Biruni alikuwa Mwislamu; alijifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu, na mnamo 1030 akaandika juu ya India kwa uadilifu unaostaajabisha hadi leo. Padri Mjesuiti Francis X. Clooney, wa Harvard, husoma maandiko ya Kihindu na ya Kikristo bega kwa bega, na upadri wake hakuuacha. Kweli, si kila msomi alikuja na nia hiyo. Kiti cha uprofesa wa Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Oxford, cha mwaka 1832, kilitokana na wosia wa mtu aliyetaka Wahindi waingizwe Ukristo, kwa hiyo Mhindu akiwa na shaka, namwelewa.

Ningependa kila anayeanza masomo haya aanzie kwenye purvapaksha, desturi ya kueleza kwanza msimamo wa mpinzani kwa nguvu zake zote. Mwanafalsafa wa Kihindu Ramanuja, alipotaka kupinga fundisho la Shankara, mwanafalsafa aliyemtangulia, kwamba nafsi na Brahman (uhalisi wa juu kabisa) ni kitu kimoja, alianza kwa kulieleza kirefu sana, hoja kwa hoja, ndipo akaanza kulijibu.