"Si tutaediti?" Hapana, rudi ukarekodi

Wiki hii nimelisikia tena. Mwanagenzi wetu mpya, kijana makini anayeandika kila kitu kwenye daftari, alirudi na mahojiano ya podikasti ya dakika 40 aliyoyarekodi katika ukumbi mtupu wenye sakafu ya vigae. Maiki ilikuwa imesimamishwa katikati ya meza, kati yake na mgeni. Nilivaa hedifoni, nikasikiliza sekunde kumi, nikamwuliza kwa nini hakuisogeza mdomoni kwa mgeni. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Si tutaediti?"

Jibu hilo nimelipata kwa kila kundi la wanagenzi lililopita mikononi mwangu. Wanalirithi kutoka kwa watangazaji wakongwe, na wakongwe wamelipata mahali panapoeleweka. Redioni, kabla sauti haijafika kwenye mtambo wa kurushia matangazo, hupita kwenye kichakataji kinachoinua sauti ndogo, kinabana kubwa na kuzisawazisha zote. Mtu akikaa miaka studioni huzoea kwamba kuna kitu huko mbele kitamsitiri. Podikasti haina huko mbele. Faili uliyoipakia ndiyo hiyohiyo inayoingia masikioni mwa mtu aliyevaa hedifoni kitandani, na anasikia mpaka mate yakimezwa.

Kuhariri kunaondoa kelele yenye mahali pake. Mlango uliobamizwa kati ya sentensi mbili unakatwa. Mngurumo mzito wa chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) unachujwa, maana maneno hayapotezi kitu pale. Mvumo wa feni usiobadilika unapunguzwa, mradi ulirekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya ili programu iujue. (Irekodi kila mara. Waombe wote wanyamaze, hata wakikushangaa.)

Mwangwi wa chumba ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo ninapopoteza subira. Mwangwi ni mgeni mwenyewe, amerudi kutoka ukutani. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita tatu, nakala ya kwanza ya silabi hurudi baada ya milisekunde 18 hivi, wakati silabi yenyewe haijaisha kutamkwa. Inailalia juu, kwa mitetemo ileile. Kisha zinafuata nakala za dari, za sakafu, za kioo cha dirisha. Unapoiagiza programu itoe mwangwi, unaiagiza imtoe mgeni ndani ya mgeni. Itajitahidi, na utapata sauti ya mtu anayezungumza akiwa chini ya maji.

Dawa yake ni umbali, na haigharimu chochote. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya moja kwa moja huongezeka desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku mwangwi ukibaki karibu palepale. Ukitoka sentimita 60 hadi 15 umeshapata desibeli 12 za mtu dhidi ya chumba. Kisha unashusha geini (kiwango cha kukuza sauti kwenye kinasa), na chumba kinashuka nacho. Wanagenzi hufanya kinyume: wanaiacha maiki mbali na kupandisha geini, halafu wanashangaa kwamba ukumbi mzima umeingia kwenye rekodi. Geini haichagui, inapandisha kila kilichofika kwenye maiki.

Ukisogea karibu sana, maiki ya upande mmoja, inayosikia zaidi mbele yake, itaongeza besi, na p na b zitapuliza. Igeuze kidogo ipite pembeni mwa mdomo, uivishe kichujio cha upepo, basi. Na kama huna pa kurekodia ila ukumbi mtupu, tafuta chumba kidogo chenye mapazia, au hata ndani ya gari lililozimwa. Nimewahi kumhoji mtu mwenye cheo kikubwa ndani ya gari, akalipenda wazo mwenyewe.

Mengine nayapita haraka kwa sababu yanasomeka popote. Rekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa), biti 24, kilohezi 48. Vilele, yaani sehemu zenye sauti kubwa zaidi, vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Ukigusa sifuri sauti inapasuka na haishoneki. Vinasa sauti vya biti 32 floti vinaokoa sauti iliyozidi, lakini mwangwi haviugusi. Kila msemaji na traki yake. Vaa hedifoni wakati wa kurekodi, si baadaye. Ukimaliza, Apple inapendekeza podikasti iwe karibu na LUFS -16 (LUFS hupima ukubwa wa sauti ya kipindi kizima), ilhali kiwango cha utangazaji cha Ulaya, EBU R 128, ni -23. Ukichukua faili iliyopimwa kwa kiwango hicho ukaipakia ilivyo, msikilizaji ataona kipindi chako kinanong'ona.

Sasa nirudi kwenye "tutaediti" kwa upande wa pili, ambao unaniogopesha zaidi ya mwangwi. Mwenye kuamini kwamba kazi yote iko kwenye kuhariri hukata kupita kiasi. Anaona pumzi kwenye mchoro wa sauti kwenye skrini, anaikata. Anaona "eee", anaikata. Na anakata kwa macho.

Kiswahili mara nyingi kinaweka ukanushi mwanzoni mwa neno. Mwanagenzi mmoja aliniletea kipindi ambacho mwakilishi wa wapangaji alisema, baada ya kuvuta pumzi ndefu, "Hatutalipa." Kwenye skrini, pumzi na ile h vilionekana kama ukungu mmoja mwembamba. Mkazo wa neno uko karibu na mwisho, kwenye "li", kwa hiyo hata ile a iliyofuata h ilikuwa dhaifu. Kijana alikata ukungu wote. Kikabaki "Tutalipa." Kimekaa safi, hakuna mruko, hakuna kishindo, hata toni ya sauti imekubali. Ni kata nzuri kabisa, na imemfanya mtu aseme kinyume cha alichokisema mbele ya watu aliowawakilisha. Tuliigundua kabla ya kurushwa kwa sababu tu niliomba kusikia rekodi ghafi.

Tangu siku hiyo, kila mwanagenzi wangu anakata katikati ya pumzi, hakati mwishoni mwake. Anaunganisha kwa mfifio mfupi wa milisekunde kumi hivi, kipande kimoja kikififia huku kingine kikiingia. Halafu anafumba macho na kusikiliza. Geti ya kuzuia kelele, inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, simruhusu kabisa kwenye mazungumzo, kwa sababu inachelewa kufunguka na chakula chake cha kwanza ni h. Programu mpya za akili mnemba za kusafisha sauti ninazitumia, na zimewahi kuniokolea rekodi niliyokuwa nimeikatia tamaa. Lakini zinakisia na kujenga upya, kwa hiyo kila "ha" na kila "si" naisikiliza kwa kuilinganisha na rekodi ghafi, neno kwa neno. Inachosha, na ni lazima.

Kuhusu ukimya sina kanuni ya kumpa mtu. Vitabu husema punguza mapengo ili kipindi kitembee. Niliwahi kumhoji mama mmoja, nikamwuliza kama angefanya uamuzi uleule tena. Alinyamaza sekunde saba, kisha akasema, "Ndiyo." Nilizipunguza zikawa sekunde moja, kwa sababu kipindi kilikuwa kirefu. Maneno sikuyagusa. Lakini "ndiyo" ya baada ya sekunde moja ni ya mtu aliyeridhika, na ile ya baada ya sekunde saba ilikuwa ya mtu aliyepigana na nafsi yake kwanza. Mpaka leo sina uhakika kama nilimtendea haki. Siku hizi ukimya unaokuja kabla ya jibu nauacha, na ukimya wa kutafuta neno naupunguza, lakini mara nyingi siwezi kuapa kuwa huu ni upi. Nikifika hapo namwita mwenzangu asikilize bila kumwambia ninachowaza.

Yule kijana wa ukumbi mtupu nimemrudisha kwa mgeni wake. Alimwomba radhi, akapewa dakika 15 katika ofisi ndogo yenye zulia, maiki mkononi, shubiri moja kutoka mdomoni. Dakika hizo 15 ndizo zitakazorushwa, na nimemwambia anikalie pembeni tunapozihariri, kwa sababu hakuna mengi ya kufanya na nataka aone hivyo kwa macho yake.