Mninga nao huliwa

Hapa Tabora tumekua tukiambiwa kwamba kitanda cha mninga hakiliwi na wadudu, mpaka wajukuu watakirithi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kinachostahimili ni kiini cha mti, ule ubao wa hudhurungi wenye mistari myekundu. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome hutobolewa kama ubao wowote laini. Nimeona tendegu likimwaga unga sakafuni upande mmoja, upande wa pili zima kabisa. Kinachotuponza ni vanishi ya rangi, maana inafunika weupe wote. Kabla hujalipa, mwombe fundi akipindue kitanda, uangalie chini ya chaga na nyuma ya ubao wa kichwani, pasipopakwa kitu. Ukiona mchirizi mweupe, abadilishe kipande hicho.