Petisheni za mtandaoni: yanayosemwa vijiweni Mtwara na ukweli wake

Kiungo cha petisheni, yaani dai linalosainiwa na watu wengi, kikiingia kwenye grupu la WhatsApp, iwe ya bei ya korosho au ya bomba la mafuta ghafi la kwenda Tanga, hapa Mtwara hakikai sana kabla mtu hajaandika: "Hiyo ya wazungu." Wazee wa kijiweni Mikindani wana maelezo yao, vijana wa Ligula wana yao. Mengi hayako sawa, ingawa si yote.

"Kuna ofisi moja Ulaya inaendesha yote."

Hakuna. Kuna mashirika ya petisheni ya mrengo wa kushoto katika nchi mbalimbali, kila moja na uongozi wake na ugomvi wake wa nyumbani. MoveOn la Marekani lilianza 1998 kwa petisheni ya kulitaka Bunge la huko limkaripie Rais Clinton, kisha liendelee na kazi nyingine. Likafuata Campact la Ujerumani 2004, GetUp la Australia 2005, 38 Degrees la Uingereza 2009. Mashirika ya aina hii yanakutana katika mtandao uitwao OPEN, na wanachopeana humo ni ujuzi: barua pepe yenye kichwa gani hufunguliwa na wengi, programu gani inatunza vizuri orodha ya wanachama, mfanyakazi mpya aanze kufundishwa nini. Avaaz ni habari nyingine. Hilo tangu 2007 ni shirika moja linalofanya kampeni dunia nzima, na nadhani ndilo linalowafanya watu waone yote yako hivyo.

"Ni kangomba wa siasa, nyuma yao kuna tajiri."

Kangomba, kwa wasio wa kusini, ni ununuzi wa korosho kwa bei ya kutupa, nje ya mnada. Tuhuma hii ina chembe ya ukweli: tajiri George Soros aliichangia MoveOn katika uchaguzi wa 2004. Lakini fedha nyingi za mashirika haya ni michango midogo midogo ya wanachama. Na msidhani wenzetu huko hawayashuku mashirika haya. Tume ya Uchaguzi ya Australia ilichunguza kama GetUp ni mkono wa vyama vya siasa, na mwaka 2019 ikasema si hivyo. Mwaka huohuo mamlaka ya kodi Ujerumani iliivua Campact hadhi ya shirika la manufaa ya umma, kwa hoja kwamba kazi zake ni siasa.

"Sahihi zikifika milioni, serikali inanyoosha mikono."

Hii ndiyo inayowaponza vijana wetu. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza iliachana na mpango wa kuuza misitu ya umma baada ya zaidi ya watu 500,000 kusaini petisheni ya 38 Degrees. Petisheni ya Avaaz ya kuwatetea Wamaasai wa Loliondo wasihamishwe ilipata zaidi ya milioni 2. Novemba 2014 Rais Kikwete akatamka kwamba hakuna mpango wa kuwahamisha. Juni 2022 vigingi vikawekwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 hukohuko Loliondo, wenyeji na askari wakakabiliana.

Kwa nini wachache walishinda na wengi hawakushinda? Waliosaini kuhusu misitu walikuwa wapiga kura wa wabunge walewale waliohusika. Wengi wa waliosaini kuhusu Loliondo hawakuwa na kura hata moja Tanzania.

Halafu tujitazame sisi. Desemba 27, 2012 Mtwara iliandamana kupinga gesi yake kupelekwa Dar kwa bomba, bila kufundishwa na mtu wa nje. Mei 2013 yakaja machafuko, jeshi likaingia, watu wakafa. Bomba la gesi likakamilika 2015, gesi ikaenda Dar. Wingi tulikuwa nao. Kwa maoni yangu, tulichokosa ni dai moja dogo linaloweza kukubaliwa, na jina la mwenye mamlaka ya kulikubali.

"Ni mambo ya wenye simu janja."

Amandla.mobi la Afrika Kusini lilijengwa tangu mwanzo liwafikie hata wenye vitochi, maana wanawake weusi wa kipato cha chini ndio lililowalenga. Kwa njia kama hiyo, hata mkulima wa Tandahimba asiye na bando angeweza kufikiwa.

"Kusaini hakugharimu kitu."

Unatoa jina, barua pepe, pengine namba ya simu. Orodha hiyo ndiyo mtaji wa shirika: kesho utaombwa umpigie mbunge, keshokutwa utaombwa mchango. Kwao si siri, ndivyo kazi inavyokwenda. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na kukataa zisitumike kukutangazia biashara, ila kuidai haki hiyo kwa shirika lisilo na ofisi Tanzania ni kazi nyingine kabisa.