Uwanja wa ndege wa pamoja maana yake nini hasa

Juzi nipo kwenye daladala ya Airport, tumeshapita Pasiansi, dada mmoja akamwambia mwanae "ule uwanja ni wa jeshi, sisi raia tunaazimwa tu." Hii kauli nimeisikia mara nyingi mno hapa Mwanza, naomba leo tuielewe vizuri.

Uwanja wa pamoja ni uwanja mmoja ambao ndege za jeshi na za abiria zote zinautumia. Ranwei moja, yani ile barabara ya lami ya ndege kurukia na kutua, mnara mmoja wa kuongozea ndege, ila maegesho mbalimbali, jeshi kwao na abiria kwao, na uzio katikati. Kwetu hapa upande wa abiria unaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na kikosi cha anga kina eneo lake. Basi, hapo hakuna wa kumuazima mwenzie.

Kinachonisumbua mimi ni hilo neno raia. Tunalitumia kwa maana mbili halafu tunazichanganya. Maana ya kwanza ni mtu wa nchi fulani, na hapo mwanajeshi wa JWTZ ni raia wa Tanzania kama wewe na mimi, tena jeshi lenyewe linaitwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Maana ya pili ni mtu asiye askari, na hii ndiyo inayotumika tukisema ndege za kiraia. Neno limetoka Kiarabu, mzizi wake ni kuchunga, yani raia asili yake ni kundi linalochungwa, likaja kuwa watu walio chini ya mtawala. Msukuma mwenye ng'ombe ataelewa haraka. Na askari nalo ni la Kiarabu, sasa ona, kwenye dola ya Waturuki wa Ottoman haya maneno mawili yalikuwa pamoja kabisa, watu waligawanywa mafungu mawili, askeri na reaya, askeri ni watu wa dola, na humo hawakuwemo wapiganaji peke yao, maofisa wa serikali pia walihesabiwa, halafu reaya ndio wakulima na wafanyabiashara waliolipa kodi.

Nimelileta hili kwa sababu sheria ya anga inagawa hivyo hivyo. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 3, unasema wenyewe unahusu ndege za kiraia tu, hauhusu ndege za dola, na ndege za dola ni zile zinazofanya kazi ya jeshi, forodha na polisi. Umeona? Ndege ya forodha haina hata bunduki lakini iko fungu moja na ya jeshi. Kinachoangaliwa ni kazi inayofanya. Kwa hiyo kinachogawanywa ni ndege, ranwei haigawanywi, lami ile ile anatua rubani wa jeshi na baada yake anatua wa abiria, na korongo wakikatiza mbele wanamsumbua yeyote.

Naelewa watu wanapoitoa hiyo kauli. Wazee wanakumbuka vita ya Kagera, sisi na Uganda ya Idi Amin, 1979 ndege ya Libya, waliokuwa upande wa Amin, ilikuja kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama, toka hapo ukitaja uwanja kichwani inakuja jeshi. Na ukipita pale unaona uzio na askari getini, picha huruhusiwi kupiga upande ule. Sawa, ile ni kambi, na kambi ni ya jeshi kweli. Ila kambi ni kambi, uwanja ni uwanja.

Kwa hiyo dada yangu, mwanao akiuliza tena mwambie ni uwanja wa ndege wa Mwanza, jeshi linautumia na sisi tunautumia. Hilo la kuazimwa litoe tu.