Je, mitishamba inaweza kuzuia mishipa ya damu kukua?

Muuzaji wa soko la Gikomba, Nairobi, anatangaza kwa spika kwamba dawa yake "inaikatia kansa damu". Kuna ukweli hapo?

Wazo lenyewe ni la kweli. Chupa yake ni habari nyingine. Uvimbe wa saratani ukifika kama milimita 1 au 2 hauendelei kukua bila kupata mishipa yake ya kuuletea oksijeni na chakula. Kwa hiyo hutoa protini, mojawapo ikiitwa VEGF, zinazochochea mishipa ya jirani ichipue. Daktari Mmarekani Judah Folkman alieleza hayo mwaka 1971, na wengi hawakumwamini. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, dawa inayoikamata VEGF. Hiyo haikutokana na mti wowote.

Na manjano au chai ya kijani?

Kurkumini na katekini, kemikali zilizomo kwenye manjano na chai ya kijani, huzuia mishipa kuchipua maabara. Kipimo kimoja maarufu hutumia yai la kuku lenye kiinitete: ganda hutobolewa kidirisha, dawa hudondoshewa utando wa ndani, kisha mtafiti hutazama kama vile vijishipa vyekundu vinatawanyika au vinakoma. Pale dawa inagusa mishipa moja kwa moja. Ukila manjano kwenye mchuzi, kurkumini inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Mchuzi uendelee, lakini usiuhesabu kama matibabu.

Mama ana kisukari na kidonda mguuni. Ameambiwa anywe dawa ya "kufungua mishipa".

Hapa ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Kisukari kinaweza kumfanya mtu huyo huyo akose mishipa ya kutosha kwenye kidonda, huku nyuma ya jicho ikiota mishipa ya ziada, dhaifu, inayovuja damu hadi kupofusha. Dawa ya kunywa huzunguka mwili mzima. Nani ataiambia iende mguuni tu? Ute wa mshubiri umeonekana kuchochea mishipa maabara, ila jani lililokatwa uani lina vijidudu, na kidonda cha kisukari hakivumilii vijidudu. Apelekwe kliniki kikasafishwe, na macho yapimwe safari hiyo hiyo.

Mjamzito je?

Aache dawa hizi za mishipa. Kondo la nyuma na mtoto vinajengwa kwa mishipa mipya.

Nimeanza kemo. Nikinywa mitishamba pembeni kuna ubaya?

Unaweza kuwepo. Katekini ya chai ya kijani, kwa mfano, imeonekana maabara na kwa panya ikiifunga bortezomib, dawa ya mailoma (saratani ya uboho wa mifupa), isifanye kazi. Manjano ya vidonge nayo yanaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari wako hatakufukuza ukimwambia. Mbebee chupa yenyewe, na kama ni ile ya soda isiyo na lebo, mrudie muuzaji kwanza umuulize ni mti gani, ni gome, mzizi au jani, na amekupimia kiasi gani.